Pande Mbili za Uwanja

Ubeti wenyewe ulikuwa na mistari minne. Generosa aliutafsiri Jumanne asubuhi, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza na Kifaransa, kwa sababu kitabu cha ratiba kilitakiwa kufika kwa mpiga chapa Mwanza kabla ya Ijumaa jioni. Bujiku, manju wa ngoma aliyeutunga, alikaa upande wa pili wa meza na fimbo yake kati ya magoti. Alikuwa akiimba mstari mmoja kwa Kisukuma, sauti ya chini, kisha anaueleza, kisha anasubiri kalamu isimame. Kwa Kiswahili ulisomeka hivi:

Mchungaji alileta chupa tatu za mafuta,
matimba ya kuzuia ukuta hayakuletwa hata moja.
Mafuta yalishuka duarani, ukuta nao ukashuka;
mguu wangu ulielewa kabla ya kichwa changu.

Mafuta ni yale ya upako, ya kuombea. Matimba ni magogo yanayosimamishwa ndani ya duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, ili kuta zisibomoke. Generosa alilijua neno hilo kwa kuwa mkutano wenyewe ulihusu mambo hayo. Kwa mara ya kwanza mji wa Geita ungepokea mkutano wa kimataifa wa usalama wa wachimbaji wadogo: wajumbe mia moja na arobaini kutoka nchi kumi na tisa, siku tatu, na siku ya kwanza ingefunguliwa kwa ngoma ya dakika ishirini kwenye uwanja ulio kando ya ukumbi. Generosa alikuwa katibu wa kamati ya maandalizi. Alizaliwa Bukoba, akafundisha Kifaransa miaka tisa katika sekondari moja ya Shinyanga, na alikuwa na sifa ya kusoma mikataba hadi ukurasa wa mwisho.

Kwa sababu hiyo alijua kilichomo. Mkataba na sekretarieti ya mkutano, iliyoko Accra, ulisema katika kifungu cha tisa kwamba mwenyeji hataondoa wala kubadili maneno ya mshiriki yeyote, msanii akiwemo. Kibali cha mkusanyiko kilisema katika sharti la nne kwamba waandaaji watahakikisha haitolewi kauli yoyote ya kukashifu dini. Alisaini karatasi zote mbili katika juma moja. Aliona siku hiyohiyo kwamba zinaweza kugongana, akaweka alama ya kalamu nyekundu pembeni, akaendelea na kazi.

Zikagongana Jumatano, saa nne asubuhi, kwenye kikao cha kamati.

Kamati ilikuwa na watu sita. Mwenyekiti, Charles, alikuwa mhandisi mstaafu aliyefanya kazi katika mgodi wa almasi wa Mwadui nusu ya maisha yake na bado alizungumza kama mtu anayesoma kipimo. Mchungaji Enock wa Katoro na Sheikh Lugata wa Geita walikuwemo kwa sababu wao ndio wangefungua mkutano kwa sala na dua. Generosa aligawa nakala za kitabu cha ratiba, watu wakasoma. Mchungaji Enock alifika ukurasa wa sita, hakuendelea na wa saba.

Alikuwa mwanamume mpana wa miaka hamsini na kitu, mpole wa sauti. Alisema wimbo huo anaujua. Unaimbwa Katoro sokoni mwaka wa pili sasa, naye hupita pale kila Jumamosi kununua dagaa, na hajawahi kumshitaki mtu. Valerian, kijana wa itifaki, akadhani amepata mlango wa kutokea. Akasema basi hakuna tatizo, maana wimbo haujataja jina, na wachungaji ni wengi.

“Wachungaji ni wengi,” Sheikh Lugata alisema. “Mwenye chupa tatu ni mmoja.”

Watu walicheka, na Mchungaji mwenyewe alicheka kidogo. Kisha akaeleza kinachomuuma, na alieleza vizuri kiasi kwamba Generosa aliandika maneno yake kwenye kumbukumbu jinsi yalivyosemwa.

“Sokoni wananijua. Nimewazikia ndugu zao, nimewapeleka wagonjwa wao hospitali kwa gari langu. Wakiniimba, wananiimba mzima mzima. Huyu mgeni wa Peru atanijua kwa chupa tatu tu, halafu anapanda ndege.”

Aliomba ubeti uondolewe. La sivyo, hatapanda jukwaani kusali. Sheikh Lugata, ambaye wimbo haukumgusa, alisema naye hatapanda, kwa kuwa leo ni kwa mwenzake na kesho ni kwake. Mkutano usiofunguliwa kwa sala wala dua ungewashangaza watu wote wa Geita kabla hata haujaanza, na ofisi iliyotoa kibali ingeuliza sababu siku hiyohiyo.

Charles akatoa pendekezo alilolihesabu kuwa na madhara madogo kuliko mengine: ubeti uimbwe, lakini usitafsiriwe. Wageni wangeona ngoma, wangepiga makofi, na neno lisingemdhuru mtu. Wajumbe wanne waliinua vichwa kwa matumaini. Generosa akasema hapana. Sababu zake zilikuwa mbili, akazitoa kwa mpangilio. Kwanza, kuacha kutafsiri ubeti mmoja kati ya beti tano ni kuuondoa, na kifungu cha tisa kinakataza kuondoa. Pili, Bujiku amekubali kuja kwa ajili ya ubeti huo. Alikuwa ameshamwambia Jumanne kwamba ukikatwa atabaki Katoro auze magogo yake. Kumleta na kumfanya aimbe mbele ya watu ambao makusudi wamezibwa masikio ni kumdanganya.

“Basi una siku mbili, Generosa,” Charles alisema. “Ijumaa jioni kitabu kinachapwa.”

Alhamisi asubuhi alikwenda Katoro. Bujiku alikuwa na kibanda cha mabati kando ya barabara ya Ushirombo, na mbele yake marundo ya magogo yaliyopangwa kwa unene. Tangu mguu uvunjike hakurudi duarani wala hakucheza ngoma tena. Aliuza matimba kwa wachimbaji na alitunga nyimbo akiwa amekaa, kundi lake likazicheza. Alimwamkia Generosa kwa Kisukuma, akamcheka alipojibu kwa matamshi ya Bukoba, akamtafutia kigoda.

Generosa alimweleza yote bila kupamba. Mchungaji ameumia, na sababu yake si ya kipuuzi. Je, Bujiku anaweza kuulainisha mstari wa kwanza, aseme mtu alileta mafuta, asimtaje mchungaji?

Bujiku alikataa bila hasira. Alisema miaka miwili iliyopita, mwezi wa tatu, alikaa saa tatu amefukiwa hadi kiunoni. Kilichomtia uchungu baadaye hakikuwa mguu. Ilikuwa kwamba kila mwaka wakubwa wanakutana kuzungumza habari za maduara, na hajawahi kusikia mmoja wao akitaja vitu vinavyoshushwa mle ndani badala ya magogo. Sasa watu wa nchi kumi na tisa wanakuja hadi Geita. Akiimba mbele yao kwamba “mtu” alileta mafuta, watamuuliza ni mtu gani, naye atajibu nini?

Kisha akauliza swali ambalo Generosa hakulitarajia.

“Upande wa pili umempa nani?”

“Upande gani?”

“Wa uwanja. Wapinzani wangu.”

Generosa alimwambia hakuna. Muda ulikuwa dakika ishirini, kwa hiyo kamati ilichagua kundi moja. Bujiku alimtazama, akatazama magogo yake, kisha akacheka mpaka mteja aliyekuwa akipima unene wa gogo akageuka.

“Mama, umeniweka uwanjani peke yangu! Sasa naelewa. Mtu akiimba peke yake anatukana. Wakiimba wawili wanashindana.”

Akamfafanulia kama mtu anavyomfafanulia mgeni njia ya kwenda kisimani. Wasukuma wanaocheza ngoma wako makundi mawili tangu enzi za mababu, Wagika na Wagalu, na mtu huzaliwa upande mmoja kama anavyozaliwa katika ukoo. Siku ya mashindano makundi mawili husimama ncha mbili za uwanja mmoja na kuanza kwa wakati mmoja. Hakuna jaji. Watazamaji hutembea, anayewavuta wengi ameshinda. Yeye Bujiku ni Mgika. Katika nyimbo humsema amtakaye, mwenye duara, diwani, mganga, mchungaji, na hakuna anayekwenda polisi, kwa sababu aliyesemwa huvuka tu upande wa pili na kumpa manju wa kule maneno ya kujibu. Sokoni Katoro wimbo wake ulikuwa na majibu mengi, mengine machafu.

“Sasa huyu Enock umemwachia ajibu wapi? Kwenye kikao, na kalamu?” Akafuta macho kwa kiganja. “Na yule ni Mgalu. Baba yake alikuwa manju. Alinishinda mara mbili nikiwa kijana, mara ya pili nikabaki uwanjani na mbwa wawili.”

Generosa alifungua daftari na kuandika: kosa ni la ratiba, si la ubeti. Miaka kumi na moja alikuwa amezitazama ngoma hizi kwenye sikukuu na kuona makundi mawili yakipiga kwa wakati mmoja. Siku zote alidhani ni utovu wa mpangilio.

Kanisa la Mchungaji Enock lilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa bodaboda, upande wa pili wa mji. Kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi. Alimpokea Generosa kwenye ofisi ndogo yenye feni, akasikiliza pendekezo mpaka mwisho: kwaya yake, au kundi lolote atakalolichagua, ncha ya pili ya uwanja, dakika zilezile ishirini, na katika kitabu cha ratiba ukurasa unaokabiliana na ule wa Bujiku.

Akakataa. Alisema aliiacha ngoma siku alipookoka, na kanisa haliwezi kushindana na ngoma, maana hata likishinda watu watasema limecheza. Generosa hakubishana naye juu ya imani. Halikuwa eneo lake. Alisema tu kwamba amekuja na njia pekee aliyoiona ambayo haimzibi mtu mdomo, na kwamba kesho jioni kitabu kinachapwa. Akaanza kukusanya karatasi zake.

“Kati ya ncha na ncha ni umbali gani?” Mchungaji aliuliza.

“Hatua tisini.”

“Upepo wa asubuhi unatoka wapi pale?”

Generosa hakujua. Mchungaji alijua. Ulitoka mashariki, na aliyesimama mashariki angesikika mbali zaidi. Akasema kwamba kama, na alilirudia neno kama, wazee wa kanisa wataona ni ushuhuda na si ngoma, basi kuna sharti moja. Wagika wana tabia ya kuja uwanjani na dawa za kuvuta watu, hirizi na unga wa kupuliza. Bujiku asije na dawa.

Generosa alitoka nje akampigia Bujiku simu. Jibu lilikuja haraka, naye akarudi nalo ofisini kama lilivyo.

“Anasema sawa. Naye anasema wewe usije na mafuta.”

Nje, kwaya ilikuwa imekwama kwenye kiitikio na mtu alikuwa akipiga meza kuwarudisha kwenye mapigo. Mchungaji Enock akasema ni haki. Wakaandika masharti mawili kwenye karatasi moja, nakala tatu. Kuhusu mashariki, Generosa alisema warushe sarafu siku ya tukio, na hapo hakukubali kusogea.

Jambo moja halikumpendeza. Aliomba maneno ya jibu ili ayatafsiri, Mchungaji akamwambia hayatoki. Jibu halitolewi kabla ya siku. Likitoka, mpinzani analitungia jibu lake, na mambo yanaharibika. Kwa hiyo ukurasa wa saba wa kitabu ulichapwa mtupu, na chini yake mstari mmoja katika lugha tatu: Jibu litatolewa uwanjani. Katika kazi yake yote Generosa hakuwahi kupeleka ukurasa mtupu kwa mpiga chapa. Hakujua Mchungaji angesema nini mbele ya nchi kumi na tisa, na karatasi haikumpa namna ya kujua.

Mengine yalikwenda wepesi. Wazee wa kanisa waliona ni ushuhuda. Sekretarieti ya Accra ilijibu kwamba kuongeza jibu si kuondoa maneno, kifungu cha tisa kimetimizwa. Ofisa wa kibali aliuliza mara mbili kama aliyelalamika ndiye huyohuyo atakayeshiriki. Alipohakikishiwa, aligonga muhuri, akauliza ngoma inaanza saa ngapi hasa.

Mkutano ulifunguliwa Jumatatu. Mchungaji Enock alisali kwa Kiswahili dakika mbili, Sheikh Lugata akaomba dua dakika mbili, wajumbe wakatoka uwanjani. Pale palizuka taabu ya kwanza. Valerian alikuwa amepanga viti mia moja na arobaini katikati ya uwanja, vyote vikitazama upande mmoja, na majina yamebandikwa migongoni. Generosa aliagiza viondolewe. Valerian aliuliza mheshimiwa mgeni rasmi atakaa wapi. Akamwambia hatakaa, atatembea, kama mtazamaji mwingine, na asipotembea hatakuwa amepiga kura. Mgeni rasmi, aliyekulia vijijini Kwimba, alikuwa ameshavua koti.

Sarafu ilimpa Bujiku mashariki. Mchungaji Enock aliitazama sarafu, akainama kuangalia upande wa pili wake, akaridhika.

Wakaanza pamoja. Mashariki, Wagika ishirini na wawili, ngoma nne, Bujiku amekaa kwenye kiti cha mbao katikati, akiongoza kwa fimbo. Magharibi, kwaya ya watu thelathini katika mavazi ya bluu na ngoma tatu walizoazima kwa kundi la Wagalu kutoka upande wa Shinyanga, pamoja na wapigaji wake. Kwa dakika tano wajumbe walisimama katikati kama watu waliofika kituoni wakakuta mabasi mawili yanaondoka mara moja. Kisha wanawake wa Geita waliokuja kutazama wakaanza kwenda huku na kule bila aibu, na wageni wakaelewa. Mjumbe wa Mongolia alikuwa wa kwanza kuvuka. Baada yake ikawa kawaida.

Generosa alisimama katikati na kipaza sauti kilichounganishwa na vifaa vya masikioni. Charles, ambaye Kisukuma ndicho alichonyonya, alisimama kulia kwake na kumnong’oneza. Ubeti wa Bujiku ulipofika aliusoma kama ulivyochapwa, katika lugha mbili, bila kuongeza sauti wala kupunguza. Watu wapatao mia walikuwa upande wa mashariki. Wajumbe wa Ghana walicheka kwanza, kisha mmoja wao akatoa kalamu. Bujiku hakutabasamu. Aliuimba mara tatu, mzima, kama ulivyokuwa sokoni.

Kisha ngoma za magharibi zikabadili mapigo. Mchungaji Enock alitoka mbele ya kwaya. Alivua miwani, akampa mama mmoja wa kwaya, na akaimba kwa sauti ambayo wazee wa pale, Charles alisema baadaye, hawakuisikia tangu baba yake alipokufa. Charles alikuwa akinong’ona mstari mmoja nyuma.

Bujiku anahesabu chupa, mimi nahesabu siku.
Mwenye kazi ya matimba ni nani, kama si Bujiku?
Duara lilimngoja siku mbili, naye anacheza Buseresere;
nilimwona kwa macho yangu, nimejificha nyuma ya mashine ya kusaga.

Charles alipofika kwenye mstari wa nne alisita. Generosa alimtazama; Charles akaurudia, naye Generosa akautafsiri.

Ilikuwa kweli, na kila Msukuma aliyekuwepo alijua kwa miguno iliyotoka upande wa Wagika kwamba ilikuwa kweli. Bujiku ndiye aliyekuwa fundi wa matimba wa duara lile. Mchungaji alimwaga mafuta siku ya kwanza, kwa maombi ya mwenye duara. Magogo yalipaswa kusimamishwa siku ya pili na ya tatu. Siku hizo mbili Bujiku alikuwa Buseresere kwenye mashindano, akashinda, akarudi siku ya nne, akashuka kuanza kazi iliyochelewa, na ukuta ukamkuta humo. Hilo hakuna aliyewahi kuliimba sokoni, kwa kuwa waliomwona Buseresere hawakujua ratiba ya duara, na walioijua ratiba hawakuwa Buseresere. Mtu pekee aliyejua yote mawili asingeweza kuyatoa bila kusema na yeye alikuwa akitafuta nini kwenye ngoma, miaka kumi na minane baada ya kuiacha.

Kwaya haikuujua mstari wa nne. Mazoezini ulikuwa mwingine. Akina mama wa mstari wa mbele waligeuza shingo wote kwa pamoja, na mmoja, Agnetha, mke wa mzee wa kanisa, alisikika akiuliza, bila kuimba, mashine ya kusaga ya nani. Lakini ngoma zilikuwa zimeshika, kiitikio kikafika, nao wakakiitikia, kwanza nusu yao, kisha wote, na safari hii kwa nguvu.

Watu wakaanza kuvuka kwenda magharibi. Walivuka kumi, kisha hamsini, mgeni rasmi akiwemo, shati limelowa mgongoni.

Kule mashariki Bujiku aliinua fimbo, ngoma zake zikanyamaza. Alisimama. Akaanza kutembea, akichechemea, hatua tisini zote, na watu wakampisha. Manju kuacha upande wake na kwenda wa mwenzake ni jambo ambalo hata wazee hawakukumbuka kuliona mara mbili. Wagika wakaanza kumwita arudi. Kijana mmoja wa ngoma akapiga yowe kwamba wameuzwa. Generosa alipima umbali kati yake na watu wawili wale, akaona kwamba lolote likitokea hatafika kwa wakati.

Bujiku alifika mbele ya Mchungaji, akaegemea fimbo.

“Sijashindwa,” alisema. “Nimekuja kusikia huo mstari wa mwisho. Kule mbali sikuusikia vizuri. Ulijificha wapi?”

Mchungaji Enock alimwimbia tena.

Bujiku alicheka mpaka akatafuta bega la kujishikilia, na bega lililokuwa karibu lilikuwa la Mchungaji. Wagika walipoona hivyo walibeba ngoma zao na kuhama nao, na dakika saba zilizobaki zilipigwa upande mmoja, makundi yote mawili. Kwa kanuni za mashindano hilo halina maana yoyote. Ubishi juu ya nani alishinda ulianza palepale, na kwa taarifa alizonazo Generosa bado unaendelea Katoro. Wagalu wanahesabu watu. Wagika wanasema watu walivuka kumfuata Bujiku, kwa hiyo ni wake.

Siku ya pili, kwenye kikao cha sababu za ajali, mjumbe wa Burkina Faso alisema ripoti za nchini mwake huwa na sababu moja kila ajali, mara nyingi mvua, na kwamba hajawahi kusoma ripoti ambamo kila shahidi anataja kosa la mwenzake. Akamuuliza Charles, kama mhandisi, kati ya wale wawili nani alisema kweli. Charles akajibu kwamba ukuta wa udongo ule usipopata magogo siku nne utaanguka, uwe umeombewa au haukuombewa, na kwamba beti zote mbili zinakubaliana na kipimo hicho. Jibu lake liliingizwa kwenye kumbukumbu.

Wazee wa kanisa walimwita Mchungaji Jumatano. Kilichosemwa humo Generosa hakukijua, ila Jumapili iliyofuata Mchungaji alihubiri kama kawaida, na kwaya ilikuwa bado na zile ngoma tatu.

Wiki mbili baadaye barua pepe ilikuja kutoka Accra. Sekretarieti ilikuwa ikitengeneza bango la usalama la kubandikwa machimboni katika nchi zote kumi na tisa, na ilitaka ubeti wa Bujiku. Ni mfupi, waliandika, na unachekesha. Walihitaji ridhaa ya mtunzi. Generosa alimpigia simu, naye akaja Geita siku ya pili yake kwa basi, akakaa kwenye kiti kilekile cha upande wa pili wa meza.

Alimsomea barua kwa Kiswahili. Alitarajia furaha. Mistari yake minne ingefika Peru na Mongolia, kwenye midomo ya maduara, mahali alipotaka.

“Na wa Enock?” Bujiku aliuliza.

“Hawajauomba. Wanasema bango lina nafasi ya mistari minne.”

“Basi nakataa.”

Generosa alimkumbusha kwamba mwezi mmoja uliopita alikuwa tayari kubaki nyumbani kuliko ubeti huo ukatwe neno moja. Bujiku alikubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Lakini wakati ule, alisema, alijua peke yake kile kinachokosekana ndani ya ubeti, na sasa wanajua watu wengi.

“Wakiubandika wangu tu, fundi wa matimba wa huko ataucheka, atamnyooshea mchungaji wake kidole, halafu atakwenda ngomani. Mimi namjua huyo mtu.”

“Wataniambia nafasi haitoshi.”

“Waambie watafute karatasi pana. Nchi kumi na tisa zinakosa karatasi?”

Generosa aliona hoja haina dosari. Aliandika jibu palepale: mtunzi anatoa ridhaa kwa beti zote mbili zikiwekwa pamoja, kushoto na kulia, kwa herufi za ukubwa mmoja, na Mchungaji Enock naye aombwe ridhaa yake, vinginevyo hapana. Akalisoma tena, akaondoa neno moja lisilo la lazima, akatuma. Accra walijibu kabla hajamaliza kufunga faili. Walisema bango linaweza kuwa pana.

Bujiku hakuondoka mara moja. Basi la Katoro lilikuwa la saa tisa. Aliomba asomewe beti hizo kwa Kifaransa, kwa sababu wajumbe wa Burkina walikuwa wamemsifu na hakujua wamesifu nini. Generosa alisoma zote mbili, polepole, kama alivyokuwa akiwasomea wanafunzi wa kidato cha kwanza. Bujiku alisikiliza akiwa ametazama dari, kidole kikipiga mapigo kwenye fimbo.

“Wangu ni upi?”

“Wa kwanza.”

Alifikiri kidogo.

“Wa pili ni mzuri zaidi,” alisema. “Lakini usimwambie.”